Mahindi Hayanunuliwi kwa Macho

Kama umeambiwa na daktari kwamba mishipa ya moyo wako imeziba, na sasa unasoma haya huku mkono mmoja umeuweka kifuani, uondoe huo mkono kwanza. Kujishika hakusaidii, mimi nilijishika karibu mwaka mzima. Vuta kiti, omba chai, unisikilize. Nilipita huko nikarudi, na leo asubuhi nimepanda kilima cha kwenda kanisani huku nikimsengenya mtu, wala sikusimama kupumua.

Mimi si daktari, kwa hiyo usiniulize dawa gani inafanya nini. Nitakueleza yaliyonipata mwilini na nyumbani kwangu, maana nilipokuwa naumwa watu wengi walinipa pole, ila hakuna hata mmoja aliyeniambia mambo haya yanakwendaje.

Naitwa Otilia, wa Lizaboni, hapa Songea mjini. Mume wangu, Mzee Komba, alikuwa mpokeaji wa mahindi wa chama cha ushirika kule Namtumbo. Ushirika ulipodorora na maghala kufungwa makufuli, wafanyabiashara binafsi wakaanza kuja na malori yao, naye akageuka mnunuzi wao. Walimtaka kwa sababu ya meno yake. Mzee Komba hanunui gunia kwa kuliangalia. Anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, anachomoa punje za chini kabisa, anauma. Punje ikipasuka kwa mlio, mahindi yamekauka. Ikibonyea tu, anafunga gunia na kuondoka bila maneno. Wanunuzi wageni waliokuwa wakitazama mdomo wa gunia walirudi kwao na mahindi mazuri ya juu na uvundo wa chini. Meno yake ya mbele yamelika upande mmoja, na nilipokuwa mchumba niliambiwa nisiolewe na mtu anayetafuna biashara yake.

Mimi mwenyewe nilijulikana kwa jambo moja: kusonga ugali wa msiba. Si kila mwanamke anauweza. Sufuria linakaa juu ya mafiga makubwa, mwiko una urefu wa mpini wa jembe, na watu wako uani wanasubiri wale ndipo wakazike. Ugali wa namna hiyo unausonga kwa mgongo, mabega na miguu, na ukipumzika katikati unafanya madonge. Mimi sikuwahi kutoa madonge. Mwiko wangu ulichongwa na baba yangu mzazi, na misibani nilikwenda nao begani.

Halafu kuna Mama Chengula, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Yeye ni Mhehe, nami ni Mngoni, na babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia utani. Mtani wako anaweza kukuambia lolote mbele ya yeyote, na akipenda kitu chako anakichukua, nawe unakikomboa kwa masharti yake. Ukifa, yeye ndiye atakayekuigiza pale makaburini, ulivyotembea na ulivyokuwa ukikohoa, mpaka wafiwa wacheke. Miaka yote tuliyokaa jirani, Mama Chengula hakuwahi kuniita jina langu. Kwake nilikuwa Mngoni, au mla panya.

Ugonjwa wangu ulianza Maposeni, kwenye msiba wa shangazi yake Mzee Komba. Ulikuwa wakati wa palizi, mahindi yamefika magotini. Nilikuwa katikati ya kusonga nikasikia taya la kushoto linavuta, kama mtu amenifunga kamba chini ya sikio. Nikaendelea. Maumivu yakashuka begani, yakaingia mkononi, jasho likanitoka la baridi wakati niko mbele ya moto. Nikamaliza ugali, nikakaa chini, na baada ya muda kamba ile ikalegea yenyewe.

Mama Chengula alikuwa akinitazama. Alisema kwa sauti ya kusikika na watu wote kwamba panya niliyemla jana hajafa, ananing'ata kwa ndani. Watu wakacheka, nami nikacheka, nikaamua kuwa ni jino.

Nikaenda kung'oa. Mganga wa meno alinichungulia kinywani, akagonga gonga, akasema meno yangu ni mazima kuliko yake. Nikamwambia mwenye maumivu ni mimi. Tukavutana, nikashinda, gego langu zuri likatoka pamoja na mizizi yake. Wiki zile nilikula uji nikiwa na amani kabisa. Kisha ukaja msiba mwingine, nikashika mwiko, na taya likavuta palepale pasipo na jino. Ndugu msomaji, kama taya lako linauma ukifanya kazi na linapoa ukikaa, uache meno yako mahali yalipo, uende ukapimwe moyo.

Mavuno yalipokwisha na baridi ya Songea ilipoanza kutuuma vidole, kile kilima cha kanisani kikaanza kunishinda. Nilikuwa najifanya nimesimama kumsalimia mtu. Nilisalimia watu nisiowajua. Jumapili moja sikupata wa kumsalimia, nikakaa juu ya jiwe na kifua kimebanwa, jasho linatiririka na pumzi haifiki chini. Mzee Komba, aliyekuwa mbele na kofia yake mkononi, aligeuka akaniona, akarudi akikimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia tangu tuoane.

Hospitali ya misheni walinilaza, wakanibandika nyaya kifuani, karatasi ikatoka na mistari ya milima. Sista aliyekuwa zamu alinipashia mikono yake kwenye kikombe cha chai kabla ya kunigusa, na mpaka leo namwombea. Daktari akasema moyo haupati damu ya kutosha. Akanipa kidonge cha kuweka chini ya ulimi. Kamba ile iliyonifunga miezi yote ikafunguka ndani ya muda mfupi tu, kichwa kikaniuma kidogo, nikalia kwa furaha. Akasema pia nisisonge ugali wa watu wengi, nisibebe maji, nisipande mlima. Nikamuuliza basi niishi wapi, maana Songea hii nzima ni vilima.

Kipindi kilichofuata kilikuwa kibaya nyumbani kuliko mwilini. Mwili ulibadilika, ndiyo: miguu ilivimba jioni, gauni zikanilegea mabegani, nikawa nalala nimeegemea mito kama mtu aliyeko kwenye basi. Lakini kilichoniudhi ni kutunzwa. Winfrida, kifungua mimba wangu, mwalimu wa sekondari mwenye Kiingereza kizuri na wasiwasi aliourithi upande wa baba yake, alitumia likizo yake nzima kunichunga. Aliondoa chumvi jikoni. Aliondoa nyama ya nguruwe, na mwanamke wa Songea ukimwondolea nguruwe umemwondolea Jumapili. Tuligombana kwa ajili ya chumvi kama wake wenza. Mzee Komba alikuwa anaamka kabla yangu kwenda kuteka maji ili majirani wasimwone, na wote walimwona. Misibani niliitwa kukaa kwenye mkeka na wazee, nikasikiliza wenzangu wakisonga, nikiyahesabu madonge kwa masikio.

Hospitali ya misheni wakaniandikia rufaa ya Dar es Salaam. Huko nilijifunza kazi ya kungoja. Unakaa kwenye benchi, unasogea, unakaa tena, mpaka unamjua wa kulia kwako anaumwa nini na wa kushoto kwako amemkosea nani. Madaktari wakasema mishipa yangu lazima ipigwe picha kwa ndani na pengine kutengenezwa, na kwa kazi hiyo wakati ule wagonjwa walikuwa wakipelekwa India. Nikarudi Songea kusubiri kibali. Mvua za kwanza zilipoangusha matone, kibali kikaja: mgonjwa na msindikizaji mmoja. Msindikizaji akawa Winfrida, kwa ajili ya Kiingereza chake.

Siku ya kuagana walikuja ndugu wengi, wakakaa sebuleni kimya, kila mtu akiangalia miguu yake. Ndugu wa damu hawezi kulitaja jambo analoliogopa. Mama Chengula akaingia bila hodi, amevaa gauni langu la zamani alilolianua kwenye kamba ya uani, ameshika taya kwa mkono mmoja. "Kamwene," akasema, kwa salamu ya kwao. Kisha akatembea kama ninavyotembea mimi, akisimama kila hatua kumsalimia kiti, meza, kabati. Akafika katikati, akajilaza sakafuni, akafumba macho.

"Hivi ndivyo nitakavyofanya mkimrudisha na sanduku," alisema akiwa amelala. "Na sitainuka mpaka Wangoni wote mmenilipa."

Shemeji yangu mmoja alikasirika. Mimi nilicheka mpaka nikatafuta kidonge cha chini ya ulimi. Nyumba nzima ikaanza kuongea, watu wakalia, wakala, na ule ubaridi ukatoka. Alipoondoka alipitia jikoni akachukua mwiko wangu, akauweka begani. Akasema ameuteka. Nikamuuliza anaudai majogoo mangapi. Akasema hataki jogoo, safari hii mwenyewe atakuja kuukomboa kwa miguu yake, tena kwa kuusongea, si kwa mtu wa kumtuma.

India sitaisimulia sana kwa sababu niliiona kupitia dirisha la teksi na dirisha la wodi. Nakumbuka chumba cha kusubiri, feni zinazunguka, wanawake wenye nguo za rangi nzuri zinazofika chini, na watu wengi kuliko viti. Mama mmoja wa Kihindi aliyekaa jirani yangu alimenya ndizi akanigawia nusu. Hatukuwa na neno hata moja la pamoja. Alinionyesha kifua chake, nami nikamwonyesha changu, tukasikitikiana, tukala ndizi.

Humo ndani tulikutana na Mzee Bakari, mkulima wa korosho wa Tunduru, aliyekuja kabla yetu na sasa anasubiri kurudi. Nilipomsikia akimwita Mungu kwa Kiswahili cha kusini nilitaka kumkumbatia. Nikampa shikamoo, akaitikia kama baba yangu. Yeye alipasuliwa kifua. Alifungua vifungo vya shati akatuonyesha mshono unaoshuka katikati, na akasema, "Mwanangu, nilikuja sijiwezi hata kuvaa viatu. Alhamdulillahi, sasa napumua. Usiuogope huu mstari. Ila uliza kwanza kama unauhitaji." Maneno yale niliyaweka.

Nikapigwa picha. Wanachoma sindano kwenye paja, wanapitisha mrija mwembamba mpaka kwenye moyo huku uko macho, wanamwaga dawa, na mishipa yako inaonekana kwenye televisheni. Nilimwomba nesi ageuze kioo nione. Ilikuwa kama mizizi ya mhindi ukiung'oa kwenye udongo laini. Hata mimi niliona mahali patatu ambapo mzizi umesinyaa.

Jioni ile walikuja madaktari wawili, na hapa ndipo nataka uwe makini, kwa sababu huenda na wewe utaulizwa.

Wa kwanza alikuwa mzee, mwenye miwani na sauti ya upole. Alisema ameiangalia picha na ameona mahali patatu pabaya. Ushauri wake ni kupasua kifua, kuchukua mshipa wa mguuni, na kuzipitishia damu njia mpya sehemu zote tatu. Wa pili alikuwa daktari wa kike, bado kijana. Yeye alisema picha inaonyesha mshipa umesinyaa, lakini haisemi kama moyo kweli unanyimwa damu mahali hapo. Alikuwa na waya mwembamba kama unywele, ncha yake inapima msukumo wa damu. Unapitishwa kwenye mshipa, moyo unapewa dawa ya kuufanya upokee damu kama uko kwenye kazi ngumu, halafu wanalinganisha msukumo kabla ya pale paliposinyaa na baada yake. Pakionekana pananyima, panatengenezwa. Pasiponyima, panaachwa na vidonge. Na kama pote patatu pananyima, basi yeye mwenyewe atakubali nipasuliwe.

Hawakugombana. Walikuwa kama wazee wawili barazani ambao hawakubaliani na bado wanapeana kiti. Yule mzee alisema kipimo kile bado ni kigeni kwake, na macho yake yamewaponya wengi. Yule wa kike alisema ni kweli. Wakatuachia tuamue hadi kesho yake.

Winfrida alitaka nipasuliwe. Alisema picha imeonyesha mahali patatu, basi patatu patengenezwe, tusije tukaacha kitu tukajuta tukiwa barabara ya Makambako, njiani kurudi Songea. Nikamwambia mwenye kifua ni mimi. Akaniambia mwenye mama ni yeye. Akalia, akatoka, akarudi na macho mekundu, akanikunjia nguo zangu ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari. Ndipo nikaelewa kwamba ukali wote ule wa chumvi ulikuwa woga, nami nikawa mnyonge.

Na mimi niliogopa, nakuambia kweli. Niliogopa kufa mezani mbali na watu wangu. Pia niliogopa jambo dogo ambalo niliona aibu kulisema: kwamba mfupa wa kifua ukikatwa hautarudi kuwa mfupa wa kusongea ugali. Watu wanakufa, mimi nawaza mwiko. Lakini bila mwiko sikujua nikirudi Lizaboni nitakuwa nani.

Tulikuwa tumepanga na Mzee Komba saa ya kupiga simu. Kule Songea alikuwa anakwenda kukaa kwenye duka lenye simu karibu na soko, na Mama Chengula alimfuata eti kuhakikisha haongei na mwanamke mwingine. Winfrida alimweleza baba yake yote, ya yule mzee na ya yule wa kike, nami nimebandika sikio upande wa pili wa mkono wa simu. 

"Huyo wa waya," Mzee Komba akauliza, "anaupima moyo ukiwa umepumzika au ukiwa kazini?"

"Ukiwa kazini, baba. Wanaupa dawa."

"Na huyo wa picha?"

"Anaangalia tu. Ila ni mzoefu sana, baba."

"Mimi pia mzoefu, na mahindi sijawahi kuyanunua kwa macho. Gunia lina vumbi huku ndani limekauka, lingine jeupe na ndani bichi. Waambie waume kwanza. Wakikuta ni bichi, wapasue, na mimi nitakuwa nimekubali kwa moyo mweupe."

Winfrida alifunga macho. Kisha tukasikia purukushani, na sauti ya Mama Chengula ikapasua masikio yetu, akisema mwiko umeanza kuliwa na mchwa na hana muda wa kuutunza. Simu ikakatika. Tulicheka mimi na mwanangu, tumeshikana mikono pale kwenye kibanda cha simu, na watu waliopanga foleni nyuma yetu wakatabasamu bila kujua kwa nini. Winfrida akasema, "Haya, mama. Waume."

Nilirudishwa kwenye meza ileile baridi. Yule daktari mzee naye alikuja, akasimama pembeni mikono nyuma. Waya wenyewe sikuusikia kabisa. Ile dawa ndiyo niliyoisikia. Walinionya kwamba kifua kitapata joto na pumzi itakuwa fupi kwa muda mdogo, nisiogope. Ikaingia, na mara nikawa Maposeni, mbele ya sufuria la msiba, ugali umeanza kukaza. Moyo ulipiga, uso ukawaka, taya likavuta. Nikiwa nimelala chali India nilikuwa nasonga. Nikamwambia Winfrida aliyesimama nyuma ya kioo, kwa midomo tu, kwamba hii ndiyo yenyewe. Dawa ikapita, joto likapoa, wakahamia mshipa mwingine, nikasonga tena.

Majibu niliyapata palepale. Pale palipoonekana pabaya kuliko pote kwenye picha, damu ilikuwa inapita vizuri tu. Mahali pa pili pia palipita. Lakini mahali pa tatu, ambapo wote tulipaona pamesinyaa kidogo tu, ila kwa urefu, ndipo palipokuwa pananinyima. Hapohapo, bila kunihamisha, wakapapanua na kuniwekea kimrija cha wavu wa chuma cha kuushikilia mshipa usijifunge. Hakuna kifua kilichopasuliwa. Daktari mzee alikuja karibu na kichwa changu, akainama, na Winfrida baadaye akanitafsiria alichosema: kwamba siku moyo wake ukimsumbua, naye angependa upimwe hivyo. Nilimpenda sana mzee yule.

Kwa hiyo ukiambiwa picha inatosha, usimbishie daktari wako, lakini uliza kwa adabu kama kuna namna ya kuupima moyo ukiwa kazini. Mzee Bakari alihitaji kisu na kisu kikamponya. Mimi nilihitaji kitu kidogo, na bila kupimwa nisingejua.

Baada ya hapo ni mambo ya kuchekesha. Nililazwa chali na mfuko wa mchanga juu ya paja ili damu isitoke, nikakatazwa kukunja mguu hata kidogo. Jaribu kuomba bakuli la haja kwa lugha ya ishara. Paja likawa jeusi, kisha zambarau, kisha kijani, kisha manjano, na Winfrida alilikagua kila asubuhi kama mtu anayengoja embe liive. Siku waliponiruhusu nilipanda ngazi za hospitali. Nilipofika juu nikasimama, nikasubiri kamba. Haikuja. Nikashuka, nikapanda tena. Nesi akanifukuza.

Tulirudi Songea mahindi mabichi yanachomwa kila kona. Mzee Komba alitupokea stendi, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema nimekonda. Kisha akanibebea begi na kutembea nyuma yangu njia nzima, asikilize pumzi zangu. Vidonge nilipewa vya kila siku, na nilivizoea kama rozari. Chumvi kidogo. Nguruwe kidogo sana, siku za sikukuu, Winfrida akiwa shuleni. Asubuhi nilitembea mpaka sokoni, halafu mbele ya soko, halafu nikaanza kile kilima. Mama Chengula hakunisogelea na mwiko. Alinipungia mkono tu kutoka uani kwake, akaniambia bado nina uso wa maiti.

Siku yenyewe ilikuwa misa ya mavuno, baada ya daktari wa misheni kunipima na kunipa ruhusa. Watu walileta mahindi mapya kanisani, magunia kwa vikapu, na mchana ukawa wa kula pamoja uani. Sufuria likatengwa juu ya mafiga. Maji yakachemka. Ndipo Mama Chengula akatokea akiwa na mwiko wangu begani, umepakwa mafuta unang'aa, hauna hata alama ya mchwa. Akausimika mbele yangu, akatangaza kwamba mateka yupo hapa na mwenyewe atoe ukombozi.

Nikajifunga kitenge kiunoni. Wanawake wakasogea. Winfrida alisimama karibu na mlango wa jiko ameshika kikombe cha maji ambacho hakuna aliyemwomba. Mzee Komba alikwenda kusimama kwenye magunia, akawa anatafuna punje za mahindi ya kanisa, na nilijua kuwa vidonge vya chini ya ulimi viko mfukoni mwake.

Nikamwaga unga, nikaanza. Ugali ulipokuwa mwepesi nilizungumza. Ulipokaza nikanyamaza, nikaweka mgongo, nikaweka mabega. Nilifika pale ambapo taya huvuta, nikasubiri, nikageuza mwiko. Nikapita. Nilikuwa natoka jasho la moto, jasho zuri la kazi. Nikasonga mpaka ugali ukaacha kushika sufuria, nikaupiga kwa mwiko ukalia, nikaupakua. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka paroko akachungulia dirishani.

Nikamgeukia mtani wangu nisikie tusi lake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejiziba mdomo kwa khanga, machozi yanamtiririka. Mtani halii. Kazi yake ni kuwachekesha wanaolia.

"Otilia," akasema. "Usinifanyie tena hivi."

Nilikaa chini pembeni yake, tukalia wote wawili mbele za watu, mpaka Mzee Komba akaja akamega ugali na kuuma, akasema hauna donge. Nilipoinuka nilimrudishia Mama Chengula mwiko wangu, nikamwambia auteke tena.

Mpaka leo unakaa kwake, nyuma ya mlango. Kukiwa na harusi au msiba natembea kwenda kuukomboa kwa miguu yangu, naye ananidai jogoo, na sijawahi kumpa hata mmoja.